Alumini Nyembamba Haitobolewi na Moto Mkali, Hutobolewa na Kukawia

Kijana aliingia karakanani asubuhi na bomba la hewa la lori mkononi. Ubavuni lilikuwa na matobo mawili, kila moja ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Bomba hilo lilipopelekwa kwake jana yake lilikuwa na ufa tu, urefu wa kidole. Mwenye lori alikuwa ameegesha Changamwe na mzigo wake juu, safari ya bara imesimama, simu hazikatiki.

"Ami, nimepunguza moto mpaka ampea 30," akaniambia, "na bado lanitoboka."

"Ndiyo maana latoboka," nikamjibu.

Alidhani namfanyia mzaha. Lakini neno hilo ndilo nililotaka kuliandika hapa siku nyingi, kwa sababu kijana huyu si peke yake. Vijana wetu wengi wanatoka vyuo vya ufundi wakijua kuchomelea chuma, milango na mageti wanayafanya vizuri, lakini ikija alumini ya milimita moja au moja na nusu wanairudisha kwa mwenyewe, au wanaipaka gundi na kuomba Mungu. Na huku pwani alumini imejaa kila mahali: mabomba na rejeta za malori yanayotoka bandarini, maboti ya watalii, vyombo vya jikoni vya mahoteli. Kazi ipo. Inawapita kwa sababu ya hofu, na hofu yenyewe imesimama juu ya fikra isiyo sahihi, kwamba bati jembamba lataka moto mdogo.

Tuanze na tabia ya madini yenyewe. Chuma hukuonya. Hupata wekundu uliofifia, kisha wekundu ulioiva, kisha kikaelekea manjano, na muda wote huo mkono wako una nafasi ya kufikiri. Alumini haina adabu hiyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, na mpaka inapoyeyuka rangi yake ni ile ile ya fedha. Fundi aliyezoea kuangalia wekundu hubaki akingoja ishara ambayo haitakuja kamwe.

Pili, alumini ina ngozi. Ukiikwangua sasa hivi ikang'aa, hewa inaifunika tena papo hapo kwa utando mwembamba usioonekana. Utando huo ndio unaoikinga na kutu, na ndio unaotutesa sisi, kwa sababu wenyewe hauyeyuki mpaka zipite nyuzi 2,000, yaani zaidi ya mara tatu ya joto la alumini iliyo chini yake. Fikiria maziwa yaliyochemka: juu pamelala utando, chini ni maji matupu. Ndivyo bati lako lilivyo. Ndani kumeshakuwa uji, juu ngozi bado imeshikilia umbo. Unaona hakujaiva, unaongeza muda, halafu ngozi inapasuka na uji wote unadondoka mara moja. Hilo ndilo tobo.

Tatu, na hapa ndipo penye siri ya ampea 30, alumini husafirisha joto kwa kasi kubwa kuliko chuma. Ukiipa moto mdogo, joto halikai pale ulipoelekeza tochi. Linakimbia kwenye bati zima. Kijana anangoja kidimbwi kitokee, hakitokei. Anahesabu moja hadi kumi na tano. Muda huo bomba lote linapanda joto, kushoto, kulia na nyuma ya ufa. Kidimbwi kinapokuja kutokea, hakuna tena sehemu ya baridi ya kukizuia, na kila kitu kilicho jirani kimebakiza hatua moja kuyeyuka. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na wazee hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa alumini nyembamba shika la pili.

Kipimo tunachotumia mafundi ni ampea 40 hivi kwa kila milimita ya unene. Bati la milimita moja na nusu litataka ampea 60. Mimi huiweka mashine 75 au 80, kisha nikaacha mguu uamue. Nakanyaga kwa nguvu, na kidimbwi natarajia kukiona ndani ya sekunde mbili, tatu zikizidi. Kisipotokea, nazima nitafute kosa: uchafu, waya wa ardhi haukushika, au ampea hazikutosha. Sikai pale nikibembeleza. Kidimbwi kikishatokea, nalegeza mguu na kuondoka. Kadiri unavyoendelea bati linapata joto, kwa hiyo mwendo unaongezeka na ampea zinapungua. Huwezi kuanza na kumaliza mshono wa alumini kwa moto ule ule.

Jicho nalo lijue linachotafuta. Uso wa bati kwanza ni mkavu, hauna nuru. Kisha unajikunja kidogo kama ngozi ya mtu mzima. Kisha ghafla pale chini ya mwali panang'aa kama zebaki, duara dogo lenye ukingo. Hapo ndipo pa kutia ufito, wakati huo huo. Ukiona ile zebaki imeanza kubonyea kwenda chini, umechelewa. Ondoa mwali.

Ufito wa kujazia wengi wanauchukulia kuwa ni udongo wa kuziba tu. Kwenye bati jembamba kazi yake nyingine ni kupoza. Kila tone unalochovya ni baridi linaloingia kwenye kidimbwi kilichokaribia kuporomoka, kama ukombe wa maji kwenye sufuria inayofurika. Ndiyo sababu unachovya mara nyingi, kidogo kidogo, kwenye ukingo wa mbele wa kidimbwi, wala si chini ya ncha ya tochi. Unene wa ufito uwe milimita 1.6. Kijana wangu alikuwa na fito za 3.2 alizonunua kwa sababu ndizo zilizokuwapo dukani. Ufito mnene hivyo hunyonya joto lote la kidimbwi, kinaganda, unangoja tena, na kule kungoja tumeshaona mwisho wake. Ncha ya ufito usiitoe nje ya kivuli cha gesi kati ya tone na tone, maana ni ya moto, ikikutana na hewa inavaa ngozi, na ngozi hiyo utaitia mwenyewe ndani ya mshono.

Tochi isimame karibu wima, imelala nyuzi 10 au 15 tu ili uone unakokwenda. Umbali wa ncha na bati uwe kama unene wa sindano yenyewe, milimita mbili hivi. Ukiinyanyua juu mwali unatanuka, unachoma eneo kubwa bila kuyeyusha lolote. Ikigusa kidimbwi, simama. Usijidanganye kwamba utamalizia hivyo hivyo. Sindano iliyoshika alumini inatupa mwali ovyo, na hapana dawa ila kuivunja ncha na kuinoa upya.

Sasa usafi, ambao nimeuweka katikati ingawa kwa kazi ndio wa mwanzo. Bomba la hewa la lori hupitisha hewa yenye mvuke wa oili kutoka kwenye taboo, kwa hiyo ndani yake limepakwa mafuta hata kama kwa nje linang'aa. Ukilichoma hivyo, mafuta yanapanda kupitia ufa na kidimbwi kinachemka na kuwa cheusi, kama kwamba umetia masizi. Safisha kwanza mafuta, ndani na nje, kwa asetoni na kitambaa safi, ukiache kikauke. Kisha ndipo upige brashi. Utaratibu huu haupinduliwi: ukianza na brashi unayasugua mafuta yaingie ndani ya madini. Brashi iwe ya waya wa stenlesi, na iwe haijawahi kugusa chuma. Mimi yangu nimeifunga kitambaa cheupe kwenye mpini, na mwanagenzi akiitumia kwenye geti siku hiyo tunakosana. Diski ya kunolea chuma nayo usiipitishe kwenye alumini, huacha chembe zinazooza ndani ya mshono.

Neno moja la hatari kabla sijasahau. Zipo dawa za kupuliza za kusafishia breki zenye klorini. Zisikaribie kazi ya kuchomelea hata kidogo. Mwali wa umeme ukikutana na mvuke wake huzaa gesi ya fosjini, ambayo ilitumika kuua askari katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ukisafisha kwa asetoni pia, subiri ikauke kabisa na chupa uiweke mbali. Hiyo haina sumu ile, lakini inashika moto kama petroli.

Sisi wa pwani tuna maadui wawili ambao vitabu vya ufundi huvigusa kwa mstari mmoja: unyevu na upepo. Alumini iliyoyeyuka hunywa haidrojeni, na haidrojeni hutoka kwenye maji. Bati lililolala nje usiku, fito zilizokaa wazi rafuni miezi mitatu, jasho la kidole, chumvi ya bahari inayovuta unyevu, vyote hivyo huingia kwenye kidimbwi. Kikiganda, ile haidrojeni inabaki imenaswa, nao mshono unakuwa na vitundu kama mkate wa mofa. Kwa nje waweza kupendeza. Weka petroli ndani uone. Kwa hiyo fito zikae ndani ya bomba la plastiki lenye kifuniko, zifutwe kwa asetoni kabla ya kutumika, na kitu kilichotoka baharini kioshwe kwa maji baridi ya bomba, si ya kisima chenye chumvi, kisha kianikwe. Jua la Mombasa linatosha, hapana haja ya kukipitishia moto wa gesi.

Upepo ndio mbaya zaidi. Gesi ya agoni haifanyi kazi ila moja, kuifukuza hewa isiguse kidimbwi. Imetulia juu yake kama shuka jepesi. Msimu wa kusi, karakana iliyo wazi upande wa bahari haitaona shuka hiyo ikikaa. Upepo unaotikisa tu majani ya mnazi umeshatosha kuharibu mshono. Fundi akiona weusi anafungua gesi zaidi, lita 15, lita 20, na gesi ikitoka kwa kasi hiyo inajizungusha na kuvuta hewa ndani. Lita 7 hadi 10 kwa dakika zinatosha. Kinachotakiwa ni pazia la turubai, au geuza meza uelekee ukutani, na ile feni uizime hata kama unaloa jasho. Gesi yenyewe iwe agoni tupu. Mtungi wenye mchanganyiko wa kaboni, ule wa mashine za waya, hautakupa ila masizi na sindano iliyoungua.

Mashine ni lazima iwe inatoa mkondo geu, ule wa AC. Nimeona vijana wakiuziwa mashine za TIG za DC tupu wakiambiwa zafanya kila kitu. Kwa stenlesi, sawa. Kwa alumini hutafika nazo popote. Katika mkondo geu umeme hubadili upande: upande mmoja unaivunja ile ngozi, upande wa pili unapeleka joto kwenye bati. Mashine za kisasa hukuruhusu kugawa. Mimi huipa joto asilimia 70 na kuvunja ngozi 30. Ukizidisha upande wa kuvunja ngozi, sindano inapata moto, ncha inavimba kama punje ya mtama, na mwali unakosa shabaha. Kando ya mshono utaona ukanda mweupe kama ukungu. Ukanda mwembamba ni dalili njema. Ukiwa mpana kama kidole, umezidisha.

Pia zinakuruhusu kupandisha idadi ya mageuzi kwa sekunde. Mashine kongwe za transfoma hufuata umeme wa ukutani, hezi 50, na mwali wake ni mpana na mlegevu. Kwa bati jembamba weka 120 au 150. Mwali unakuwa mwembamba, unakwenda pale unapouelekeza. Sindano nayo iwe ya milimita 1.6, inolewe kwa urefu, si kwa mzunguko, na ncha ipunguzwe kidogo sana. Za rangi ya buluu ndizo ninazotumia. Za rangi nyekundu zina thoriamu, yenye mnururisho, na vumbi lake wakati wa kunoa si la kuvuta puani.

Kama mashine haina kanyagio, na nyingi za bei nafuu hazina, usivunjike moyo. Tumia mpango wa kitufe unaoshuka taratibu ukikiachia, na uipe sekunde tatu au nne za kushuka. Ukiweza kuweka mapigo, mawili kwa sekunde, mkono utapata wimbo: pigo kubwa tone, pigo dogo songa.

Fito ziko aina nyingi, lakini mbili zinatosha kwa kazi nyingi: 4043 yenye silikoni, na 5356 yenye magnesi. Ya kwanza inatiririka vizuri na haipasuki ovyo. Ya pili ina nguvu zaidi na ndiyo ya maboti, kwa kuwa bati la boti aghalabu ni la jamii ya 5083, na hilo ukilichomelea kwa 4043 mshono unakuwa mkavu unaokatika. Lakini 5356 isitumike kwenye kitu kitakachoishi kwenye joto linalopita nyuzi 65, kwani baada ya muda huanza nyufa. Bomba la hewa la lori linapita joto hilo kila siku. Basi tulitumia 4043.

Kuunganisha vipande ni kazi ya nusu siku na kuchomelea ni ya dakika kumi, ingawa mteja hulipia ile dakika kumi. Kati ya vipande viwili vya milimita moja na nusu pasipite hata karatasi. Mwanya ndio mlango wa tobo, maana kingo mbili zilizoachana kila moja huyeyuka ikarudi nyuma kivyake. Piga nukta za kushikilia kila baada ya sentimita mbili au tatu, ukiruka huku na huku. Nyuma ya bati, ikiwezekana, banisha kipande cha shaba. Shaba hunyonya joto la ziada na kidimbwi hakina pa kudondokea. Mshono mrefu usiuvute kwa pumzi moja. Sentimita nne, pumzika, anza upande wa pili. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata joto, na bati jembamba litakugeukia umbo la sambusa.

Mwisho wa mshono ndipo nyufa zinapozaliwa. Fundi anafika, anafurahi, anakata moto. Kidimbwi kinaganda kikiwa na shimo katikati, na ndani ya shimo ufa wa nyota. Badala yake legeza mguu polepole huku ukichovya tone moja au mawili zaidi, mpaka pale pa mwisho pawe na kifua, si shimo. Tochi iache pale pale sekunde tano au zaidi gesi ikimalizikia, mshono na sindano vipoe ndani ya agoni.

Na mavazi. Alumini hurudisha mwanga wa mwali kama kioo. Mtu anayechomelea akiwa na fulana na champali ataungua shingo na kifua, atalala usiku macho yana mchanga. Mikono mirefu, kola juu, kofia yenye kioo namba 10.

Tangi la petroli nalitaja peke yake. Kulimwaga mafuta hakulifanyi liwe salama. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, liachwe wazi likauke, na wakati wa kuchomelea pawe na mdomo wazi wa kutolea hewa. Ukiwa na shaka usiwashe. Hakuna malipo ya tangi yanayofikia thamani ya uso wako.

Nirudi kwa kijana. Yale matobo mawili hatukuyajaza. Kumimina fito juu ya tobo ni kuchoma bati lililokwisha kuchoka, nalo alumini ngumu ikishapata joto hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake pembeni mwa mshono. Tulikata sehemu yote iliyoharibika, tukachonga kiraka cha unene ule ule chenye pembe za mviringo, tukasafisha, tukabana. Kisha nikamwambia asiguse bomba kwanza. Nikampeleka kwa jirani anayetengeneza madirisha ya alumini. Vipande vinavyobaki pale huuzwa kwa kilo kama vyakavu, na unene wake ni huo huo wa milimita moja na kidogo. Vina rangi au tabaka la kiwandani ambalo sharti likwanguliwe lote, na hilo nalo ni somo.

Alichomelea vipande hivyo toka saa nne hadi adhuhuri. Vya mwanzo alivitoboa vyote, kwa sababu mkono ulikuwa bado unaogopa. Nilimwekea ampea 75 nikamwambia ahesabu kwa sauti: moja, mbili, tone, songa. Kipande cha kumi na kitu hakikutoboka. Vilivyofuata alikuwa anaongea huku anachomelea.

Kiraka cha bomba alikifunga yeye, robo kwa robo, akipumzika kila upande. Tukaziba ncha mbili kwa raba, tukatia hewa kidogo, pauni tatu tu, tukapaka maji ya sabuni. Palitoka povu mahali pamoja, kwenye kona, alipokata moto kabla ya wakati. Akapasafisha, akapiga brashi, akarudia. Mara ya pili sabuni ilitulia. Saa tisa alikuwa njiani kwenda Changamwe.